Ukadirini, Nchi ya Homa Moja

Nilikaa katika nchi ya Ukadirini siku kumi na tisa, na haya ninayoyaandika niliyaona mwenyewe au niliyasikia kwa watu waliokuwapo. Jinsi nilivyofika huko haina maana kwa msomaji, na njia yenyewe nisingeweza kumwelekeza mtu. Jina langu ni Zawena. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi katika wodi za watoto kwa miaka ishirini na sita, na siku niliyofika mpakani nilikuwa na mafua.

Ofisa wa mpakani alikuwa mtu nadhifu mwenye sauti ya upole. Alinisikia nikipiga chafya, akaandika kwenye daftari lake bila kuinua macho, kisha akanipa vidonge sita vyekundu vilivyofungwa kwenye karatasi.

"Una Homa ya Bonde," alisema. "Viwili leo, viwili kesho, viwili keshokutwa."

Nilimwambia sina hata joto, ni mafua tu.

"Ndiyo maana nimekupa sita, Bi Mgeni. Mwenye joto hupewa kumi na viwili."

Akapekua mkoba wangu. Alipokuta kipimajoto alikishika kwa ncha za vidole, akakiweka kwenye sanduku la vitu vilivyozuiwa. Alinieleza kwamba kifungu cha nne cha Sheria ya Homa kinasema kumpima mgonjwa ni kumtilia shaka Mkadiri. Saa yangu ya mkononi aliiacha, kwa kuwa inapima wakati tu, na wakati haujawahi kubishana na Mkadiri yeyote.

Wakadiri ndio wenye mamlaka juu ya wagonjwa katika nchi ile, na mkubwa wao, Mkadiri Mkuu Bwana Mwinchande, alinipokea siku ya pili ofisini kwake. Nilitarajia kumkuta mtu mjinga au katili. Hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa mzee mrefu, mtaratibu, aliyenimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwetu tulizaliwa saba," alinisimulia. "Bonde lote hili lilikuwa kinamasi, mbu usiseme. Homa iliwachukua ndugu zangu watano. Vidonge vyekundu vilipokuja, mama yangu hakuzika tena. Sasa ukiniambia nianze kuvihoji vidonge hivi, ni sawa na kuniambia nimuulize mama kama kweli alinizaa."

Nikamuuliza kinamasi kiko wapi sasa.

"Kilikaushwa miaka ishirini iliyopita. Upande wa chini wanalima mpunga kidogo. Kwingine ni nyumba."

"Na mbu?"

"Wamepungua sana."

"Na homa?"

"Haijapungua hata kidogo," alijibu, kwa fahari ya mtu mwenye takwimu mezani. "Mwaka jana watoto elfu tisa walipata joto. Wote elfu tisa walikuwa na Homa ya Bonde."

"Mmejuaje?"

Alinitazama kwa mshangao. "Walikuwa na joto."

Niliomba kuona idadi ya waliokufa. Akanifungulia daftari kubwa. Safu ya waliokufa kwa Homa ya Bonde haikuwapo, kwa sababu vidonge vinaitibu. Palikuwa na safu nyingine iliyoitwa Waliochelewa. Mwaka jana walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Nilimuuliza walichelewa kwa muda gani, akasema hilo haliandikwi. Mtoto akishakufa, inajulikana kuwa alichelewa.

Watoto walitibiwa kwenye Nyumba ya Homa. Ni jengo safi, lenye upepo mzuri, na dirisha moja lililozibwa kwa ubao kutoka juu mpaka chini. Kwenye ubao huo kuna tundu la kupitisha mkono. Mama anafika na mwanawe, anatumbukiza kibao chekundu kama mtoto ana joto, na Mkadiri aliye ndani anatoa mkono wenye vidonge. Mama haruhusiwi kusema neno. Mkadiri haruhusiwi kuchungulia. Walinieleza kwamba zamani Wakadiri walikuwa wanawaona watoto, na ikaonekana kwamba kuwaona kunawachanganya: huyu anakohoa, huyu anaharisha, huyu sikio linatoa usaha, na maamuzi yakawa hayafanani. Tangu ubao uwekwe, maamuzi yote yanafanana.

Isidhaniwe kwamba nchi ile haikuwa na upinzani. Palikuwa na Chama cha Rangi Mbili, kilichoamini kwamba kila joto la mtoto linatokana na vijidudu vinavyouawa na vidonge vya rangi mbili, na kwamba vyekundu ni ushamba. Siku ya sita nilihudhuria kikao cha Baraza, bunge la nchi ile, ambamo wao na chama cha vyekundu hukaa. Walibishana saa tatu juu ya rangi. Mjumbe mmoja alipouliza ni kitu gani hasa kinawaumiza watoto, spika alimjibu kwa heshima kwamba hilo halimo kwenye ajenda.

Vyama hivyo viwili vilikuwa vimefikia mwafaka uliosifiwa kote nchini. Mwezi mmoja ni wa vidonge vyekundu, na ghala la rangi mbili linafungwa. Mwezi unaofuata ni wa rangi mbili, na ghala la vyekundu linafungwa. Katika mwezi wa rangi mbili, kila mtoto mwenye mafua alipewa dawa, na mama zao, ambao walikuwa watu wa huruma, walimpa mtoto nusu, nusu nyingine wakamgawia jirani au wakaihifadhi kabatini. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na dawa nusu, na hakuna aliyekuwa na dozi. Nilikuta watoto ambao dawa hizo zilikuwa hazikifanyi kitu tena kijidudu chochote ndani yao, na nikaambiwa hao ni wakaidi.

Mimi nilifikia kwa mwanamke aitwaye Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kusuka vitanda vya kamba. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono migumu, na alisuka huku akihesabu kwa sauti ya chini, kwa sababu ukikosea kamba moja katika mia kitanda kinabonyea upande. Mumewe, Makungu, alikuwa Mkadiri wa zamu dirishani. Walikuwa na binti wa mwaka mmoja na miezi minane, Tunu, aliyekuwa na tabia ya kunivua saa mkononi na kuisikiliza. Kabla yake walikuwa na mtoto wa kiume, Shomari, aliyefariki masika iliyopita akiwa na miaka mitatu.

Desturi ya Ukadirini ni kwamba mtoto akifa, wazazi wanaacha kuitwa kwa jina lake na wanaitwa kwa jina la mtoto aliye hai. Makungu alimwita mkewe Mama Tunu. Yeye aliendelea kumwita mumewe Baba Shomari, na majirani walimwona mkaidi.

Siku ya tisa Tunu alianza kuchemka. Alikuwa na kikohozi tangu juzi yake. Ulikuwa mwezi wa vyekundu. Sikudhani alimpeleka dirishani, akatumbukiza kibao, akapokea vidonge, akavisaga na kumpa kama ilivyoandikwa. Siku ya kumi joto lilipanda zaidi. Asubuhi ya siku ya kumi na moja niliamka nikamkuta mama amempakata mtoto kibarazani, akimnyonyesha. Tunu alinyonya mara mbili tatu, akaachia ziwa, akahema, akalishika tena, akaachia.

Nikamwomba Sikudhani amfunue kifua. Nilivua saa yangu, nikakaa mbele yao, na nikahesabu kwa dakika nzima, kila kifua kinapoinuka. Nilipata hamsini na nane. Mtoto wa umri wake akifikisha arobaini, muuguzi yeyote wa kwetu anaacha alichokuwa anafanya. Na si kasi tu. Kila alipovuta hewa, sehemu ya chini ya mbavu ilikuwa inabonyea ndani badala ya kutanuka.

"Ni nini?" Sikudhani aliuliza.

"Ni nimonia. Mapafu. Vidonge vyekundu havigusi huko."

"Vya rangi mbili?"

"Kuna vichupa vya unga wa kuchanganya na maji, vya watoto. Viko kwenye ghala lile lile la rangi mbili. Hivyo vinaweza kumsaidia, akivipata leo. Bado ananyonya. Akiacha kunyonya itakuwa habari nyingine."

"Ghala linafunguliwa baada ya siku tisa."

"Hana siku tisa, Sikudhani."

Hakulia. Alimfunga Tunu vizuri, akaniambia, "Nifundishe ulichofanya."

Nikamfundisha. Mtoto awe ametulia, asiwe analia. Kifua kiwe wazi. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, hesabu dakika yote. Alihesabu mara ya kwanza akapata hamsini na tisa, mara ya pili hamsini na nane. Mikono iliyosuka vitanda kwa miaka kumi na mitano haikuhitaji kufundishwa kuhesabu; ilihitaji tu kuambiwa ihesabu nini.

Makungu alikuwa anavaa koti lake la kazi. Juma hilo hakuwa dirishani, alikuwa karani wa Baraza. Alisimama mlangoni akatusikiliza, kisha akasema, bila ukali, "Mama Tunu, mpeleke tena dirishani. Wakati mwingine vidonge vya kwanza vinakuwa havijashika."

"Shomari nilimpeleka mara tatu."

"Najua."

"Mara ya tatu nani alikuwa zamu?"

Wakadiri hawaambiwi ni mtoto gani aliyeletwa, na Makungu alikuwa hajawahi kuuliza.

"Niliuona mkono," Sikudhani alisema. "Ulipotoka kwenye tundu na vidonge. Una kovu la msumeno kwenye kidole gumba. Nilisimama pale na mtoto begani, anahema kama huyu anavyohema, na wewe uko upande wa pili wa ubao, dhiraa moja kutoka kwetu."

Makungu aliutazama mkono wake wa kulia.

"Kwa nini hukuniita?" aliuliza.

"Sheria ilisema ninyamaze. Nikasema pengine wanajua wanachokifanya. Nikanyamaza." Alisimama na mtoto. "Leo sinyamazi, Baba Shomari. Baraza linakaa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Mlango wa makarani unafungwa?"

Makungu alimaliza kufunga vifungo vya koti. "Nitauacha wazi," alisema.

Tulipita kwanza kwa jirani, Mwanakombo, ambaye mume wake alilima mpunga upande wa chini. Mwanawe Mbaraka, wa miaka minne, alikuwa na joto kali tangu jana, anatetemeka jioni na kutokwa jasho asubuhi, lakini hakukohoa. Sikudhani alimwomba aje naye. Sikuelewa sababu, nikamuuliza njiani.

"Nikienda na mmoja," alisema, "Rangi Mbili watasema wameshinda."

Tuliingia kupitia mlango wa makarani wakati wajumbe wanajadili kama neno "nyekundu" katika sheria linajumuisha damu ya mzee. Sikudhani alitembea moja kwa moja mpaka kwenye meza kubwa iliyo katikati ya ukumbi, akasogeza makabrasha ya spika pembeni, akamkalisha Tunu juu yake. Mwanakombo akamkalisha Mbaraka kando ya Tunu. Nadhani wajumbe wengi walikuwa hawajamwona mtoto mgonjwa kwa ukaribu ule tangu walipochaguliwa.

Bwana Mwinchande alisimama. "Mama, mahali pa watoto wenye joto ni dirishani."

"Nimetoka huko, Mheshimiwa. Naomba dakika moja ya Baraza."

"Kwa ajili gani?"

"Tuhesabu pumzi za mtoto huyu, kisha za mwenzake."

Palitokea manung'uniko. Mkadiri Mkuu aliinua mkono. "Kupima ni marufuku. Karani, soma kifungu cha nne."

Karani alikuwa Makungu. Alisimama na kitabu, akasoma kwa sauti isiyo na rangi yoyote: ni marufuku kumpima mgonjwa kwa kipimajoto, kwa darubini, kwa mizani au kwa tone la damu. Akafunga kitabu. "Kuhesabu hakumo, Mheshimiwa."

Hapo mjumbe mmoja mwanasheria alisimama kuuliza kama pumzi ya mtoto ni mali ya mtoto, ya mzazi au ya Baraza, kwa kuwa jibu lingeamua nani ana haki ya kuihesabu. Mwingine akasema pumzi ikishatoka haina mwenyewe. Wa tatu akataka suala hilo lipelekwe kwenye kamati ndogo. Mjadala ulikuwa umeanza kunoga Sikudhani alipousimamisha, bila kupaza sauti.

"Tangu mheshimiwa wa kwanza aanze kuzungumza, mwanangu amevuta pumzi mia moja na tisini. Nimehesabu. Naomba sasa mhesabu ninyi."

Alimfunua Tunu kifua. Mimi niliinua saa ili waione, nikasema, "Anzeni." Sijui kwa nini walitii. Pengine ni kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuwaomba kitu chepesi kiasi kile. Watu thelathini na wanne walikitazama kifua kidogo kikipanda na kushuka, na ukumbi mzima haukuwa na sauti isipokuwa ule mkoromo mfupi anaoutoa mtoto mwenye nimonia mwisho wa kila pumzi. Dakika moja ni ndefu sana ukiitumia hivyo. Kuna mjumbe aliyeinamisha kichwa katikati, asiweze kuendelea.

"Hamsini na saba," alisema mmoja wao dakika ilipokwisha.

"Hamsini na nane."

"Sitini," alisema mwingine, "ila huenda nimerudia."

Mjumbe mmoja alipata thelathini na moja, akakiri kwamba alikuwa anahesabu zake mwenyewe.

Tukamhesabu Mbaraka. Aliona aibu, akacheka kidogo, ikabidi tuanze upya. Thelathini. Karibu wote walikubaliana.

"Wote wawili wana joto," Sikudhani alisema. "Muwaguse kama hamniamini. Kama homa ni moja, kwa nini kifua cha huyu kinakimbia na cha huyu kimetulia?"

Kiongozi wa Rangi Mbili, mwanamke mnene aitwaye Bi Tatu Mgeleka, aliruka kutoka kitini. "Ndicho tulichokisema miaka yote. Fungueni ghala letu. Rangi mbili kwa watoto wote, kuanzia leo."

"Sivyo, dada yangu," Sikudhani alimjibu. "Huyu wa pili hahitaji dawa yenu. Baba yake analima bondeni, kule ambako mbu bado wapo. Yeye anahitaji tone la damu litazamwe, na pengine ni hivyo hivyo vyekundu vitakavyomponya. Sikuja hapa kubadilisha rangi. Nimekuja kuwaomba muwatazame."

Bi Tatu alibaki amesimama, kwa sababu hakuwa na hotuba ya jambo lile.

Nilikuwa nimemchunguza Mkadiri Mkuu wakati wa ile dakika, na niliona midomo yake ikitikisika. Alihesabu. Lakini mtu hawezi kuacha miaka arobaini kwa dakika moja, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya ofisi.

"Karani, andika. Tunu binti Makungu. Joto. Homa ya Bonde. Arudi dirishani."

Makungu alichovya kalamu, akaishikilia juu ya karatasi, kisha akaiweka mezani.

"Siwezi kuandika hivyo, Mheshimiwa."

"Umeandika hivyo maelfu ya mara."

"Ndiyo. Na mara moja niliandika kwa mwanangu Shomari. Sikujua kama ni yeye. Nilipewa kibao, nikatoa mkono. Nimeambiwa leo asubuhi." Alitoka nyuma ya meza ya makarani, akasimama karibu na binti yake. "Kwenye daftari lako yuko kwenye safu ya Waliochelewa. Hakuchelewa, Mheshimiwa. Aliletwa mara tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya ubao."

Bwana Mwinchande alishuka kutoka kwenye kiti chake, polepole, akaja mezani. Alimgusa Mbaraka paji la uso, akamgusa Tunu. Aliinama, akaweka sikio karibu na kifua cha mtoto yule, mzee mrefu vile, mgongo umepinda. Aliposimama alitoa shada la funguo mfukoni.

"Ndugu zangu hawakuwa hivi," alisema, kama mtu anayejisemea. "Walikuwa kama huyu mvulana." Akamkabidhi Makungu ufunguo mmoja. "Kwa mtoto huyu tu. Mengine tutajadili."

Mimi ningeuchukua ule ufunguo na kukimbia. Nakiri hivyo. Lakini Sikudhani alimwambia mumewe atangulie na Bi Mgeni na mtoto, kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya Baraza.

"Mimi nasubiri hapa mpaka mjadili," alisema. "Nyuma yangu kuna foleni dirishani, na sijui humo ndani ni wangapi wanaopumua hivi. Hata ninyi hamjui."

Ghalani, Mwanakombo na Mbaraka wakiwa nyuma yetu, tulikuta vichupa vya unga vya kutosha. Tulikuta pia maboksi ya vipimo vya tone la damu, yaliyoletwa na mgeni mwingine kabla yangu. Mlinzi wa ghala alikuwa anayakalia. Nilisoma tarehe za kuisha muda wake, ilikuwa imebaki miezi mitatu. Nilikadiria uzito wa Tunu kwa mikono yangu, nikachanganya dawa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nikampa kipimo cha kwanza pale pale kwenye ngazi za ghala huku baba yake amemshika. Alitema kidogo, tukamrudishia. Kisha nikamtoboa Mbaraka kidole. Baada ya robo saa mstari wa pili ulitokea, mwekundu na wazi. Alikuwa na malaria, ile ile waliyoiita Homa ya Bonde, na vidonge vya Bwana Mwinchande vilimfaa kabisa. Mwanakombo alivipokea mikononi mwangu akavibusu.

Sikudhani alirudi nyumbani saa tisa alasiri. Baraza lilikuwa limekubali dirisha la Nyumba ya Homa lifunguliwe kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi, maghala yote mawili yawe wazi kwa dirisha hilo, na aliyevamia meza ya spika aonywe kwa maandishi. Alikuwa na onyo lake mkononi. Aliliweka chini akamchukua mtoto.

Siku ile na iliyofuata hatukujua. Nimeona watoto waliopata dawa sahihi ikiwa imechelewa kwa jioni moja tu, na sikumwahidi mama yake kitu. Tulimpa dawa asubuhi na jioni, tukampa ziwa kidogo kidogo kila mara, na kila baada ya saa mbili Sikudhani alikaa na saa yangu akahesabu. Hamsini na sita. Hamsini na saba. Hamsini na mbili. Asubuhi ya siku ya kumi na tatu, arobaini na nne, na mbavu hazikubonyea tena. Mchana wake Tunu alimnyang'anya mama yake ile saa akaiweka sikioni. Makungu aliona hilo, akaenda nyuma ya nyumba, na alikaa huko kitambo. Dawa iliyobaki tulimmalizia yote kwa siku tano, ingawa majirani wawili walikuja kuomba nusu.

Dirisha la majaribio lilifunguliwa siku ya kumi na nne. Ubao uling'olewa, na Makungu akaomba zamu. Kazi haikuwa rahisi kama wapenda mageuzi wanavyofikiri. Wakadiri walilalamika kwamba dakika moja kwa kila mtoto itawachelewesha. Baadhi ya mama walikasirika zaidi ya Wakadiri. Mmoja alileta mtoto mwenye mafua tu, anacheza, pumzi thelathini na mbili, kipimo cha damu hakina kitu. Makungu alimweleza kwamba mtoto hahitaji kidonge. Apewe ziwa na vinywaji vya kutosha, apunguziwe nguo, na arudishwe mara moja akianza kuhema, kukataa kunywa, kutapika kila kitu au kupata degedege.

"Nimetembea tangu alfajiri," mama yule alisema, "unanirudisha mikono mitupu?"

"Nimemtazama, mama," Makungu alimjibu. "Zamani nilikuwa sifanyi hivyo."

Mama alikwenda zake akinung'unika. Siku ya tatu yake alirudi, mtoto mzima, kumleta wa dada yake.

Bwana Mwinchande hakuja dirishani, na vifungu vya sheria havikufutwa nilipokuwa huko. Lakini siku ya kumi na saba alituma mtu achukue hesabu za siku hizo tatu. Kati ya watoto mia na sita wenye joto, kumi na tisa walikuwa na malaria, ishirini na mmoja nimonia, wawili masikio, na waliobaki wengi ni mafua na kuharisha. Nilielezwa kwamba aliitazama karatasi ile ofisini kwake asubuhi nzima, na kwamba alimwagiza karani achore daftari jipya lenye safu zaidi.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa, nilipokwenda kuaga, foleni ilikuwa imezunguka jengo. Saa yangu nilikuwa nimemwachia Sikudhani, naye alikuwa amekaa katikati ya mama kama ishirini hivi, Tunu amelala mgongoni mwake, kitanda kilichosukwa nusu kimeegemezwa ukutani. Mbele yake alipiga magoti Bi Tatu Mgeleka wa Rangi Mbili, na mjukuu wake mchanga amewekwa juu ya khanga, anatazamwa kifua. Bi Tatu alimaliza dakika, akainua kichwa na kutaja idadi yake kwa sauti ya mtu aliyezoea kushangiliwa.

Sikudhani alikuwa amehesabu pamoja naye.

"Umeruka moja," alimwambia. "Anza upya."